UZI: Sehemu za kiti cha mbao cha asili, majina yake na kazi ya kila kipande

Randa na Patasi

Wakuu, habari za kazi.

Tatizo la viti huanzia kwenye majina. Mteja anasema "kile kijiti cha chini", fundi anaelewa kingine, na mwenye kiti kilicholegea hajui aulizie nini. Tuyaweke majina hapa pamoja na vipimo, na kwa nini kila kipande kiko pale kilipo. Mimi naanza na kiti cha kawaida cha miguu minne, kile cha kuungwa kwa ulimi na tundu (ncha ya ubao huingia kwenye tundu la mguu) bila msumari wa chuma.

Miguu ya mbele ni mifupi. Inaishia kwenye kikalio, au inapanda juu zaidi kubeba mikono kama kiti kina mikono.

Miguu ya nyuma ndiyo roho ya kiti. Ni mti mmoja unaotoka sakafuni, unapita kwenye kikalio na kupanda hadi juu kuwa nguzo ya egemeo. Katika kiti cha aina hii usikubali egemeo lililopachikwa juu ya kikalio kama kipande cha pembeni. Mtu akiegemea, mgongo wake unasukuma kama wenzo, na nguvu yote inaishia kwenye kiungo kile kimoja kifupi.

Juu ya kikalio mguu wa nyuma hulala kidogo kuelekea nyuma, digrii 5 hadi 10 kwa kiti cha mezani, hadi 15 kwa kiti cha kupumzikia. Hapo penye mkunjo ndipo unapovunjikia. Ukikata umbo hilo kwenye ubao ambao nyuzi zake zimenyooka tu, zinakatwa kwenye mkunjo na kubaki fupi. Tafuta ubao ambao nyuzi zake zimepinda zenyewe kufuata umbo, au punguza mlalo.

Kikalio kinabebwa na fremu ya mbao nne: ubao wa mbele, ubao wa nyuma na mbao mbili za ubavuni. Upana wa kila ubao (kwenda chini) sentimita 6 hadi 7, unene milimita 22 hadi 25. Ndani ya kona za fremu huwekwa vipande vya kona, pembetatu ndogo za kuzuia fremu isijikunje.

Chini ya fremu kuna mataruma, vile vijiti au mbao nyembamba zinazofunga mguu kwa mguu. Juu kuna ubao wa kichwa wa egemeo, ambao ukichongwa nakshi wengine huuita taji, na ubao wa chini wa egemeo unaokaa sentimita kadhaa juu ya kikalio. Katikati yao ni fito za mgongo, za kusimama au za kulala. Kiti chenye mikono kina na nguzo ya mkono, ambayo mara nyingi ni huo mguu wa mbele ulioendelea kupanda.

Vipimo vinavyomfaa mtu mzima wa kawaida: kikalio sentimita 43 hadi 45 toka sakafuni, kina chake 40 hadi 43, upana mbele 45, nyuma 38, mkono sentimita 20 hadi 23 juu ya kikalio. Nyuma ya kikalio pawe chini kuliko mbele kwa sentimita 1 hadi 2. Kikalio kilicho sawa kabisa humtelezesha mtu mbele taratibu, akajikuta anakaa nusunusu.

Wenye kujua waongezee.

---

Binti Seremala

Ahsante mkuu. Niongeze kuhusu kiungo chenyewe, maana mbao zinaonekana kwa nje lakini kiti kinaishi au kufa ndani ya matundu.

Ulimi ni ncha ya ubao iliyopunguzwa ili iingie kwenye tundu la mguu. Pale ubao unapopungua kuna mabega, na haya ndiyo yanayozuia kiti kisiyumbe. Watu wengi wanafikiri ulimi peke yake ndio unaoshika. Hapana. Ulimi unazuia ubao usichomoke, bega linazuia usiiname. Bega likiwa na mwanya hata wa unene wa karatasi, ubao unapata nafasi ya kucheza, na kila mchezo mdogo unausaga ulimi.

Unene wa ulimi uwe kama theluthi moja ya ubao: ubao wa milimita 24, ulimi 8. Urefu milimita 25 hadi 30. Tundu lizidi urefu wa ulimi kwa milimita 2 hadi 3, kwa sababu gundi iliyosukumwa ndani inahitaji mahali pa kwenda. Isipopata, itausukuma ulimi nje au kuupasua mguu, na wewe utaendelea kukaza jiliwa (kibanio) ukidhani ulimi ni mnene.

Kwenye kila mguu wa mbele ndimi mbili zinakutana kwa ndani, ya ubao wa mbele na ya ubao wa ubavu. Zikate ncha kwa mshazari wa digrii 45 zikutane bila kusukumana. Ukikata moja fupi ili nyingine ipite, umedhoofisha ile fupi maisha yake yote.

Sasa angalia kiungo cha ubao wa ubavu na mguu wa nyuma. Hicho ndicho kinacholegea kwanza karibu katika kila kiti, kwa kuwa ndicho kinachobeba mtu anayeegemea, na hasa anayeinua miguu ya mbele na kusimamisha kiti kwa miwili. Tena hakiko kwenye pembe mraba. Kikalio ni kipana mbele kuliko nyuma, kwa hiyo kwa vipimo alivyotoa mkuu, ubao wa ubavu unaingia kwa mlalo wa karibu digrii 5. Mlalo huo ukate kwenye mabega na ulimi wakati tundu likibaki wima, au utoboe tundu kwa mlalo na ulimi ubaki umenyooka. Ukichanganya yote mawili, bega moja litagusa na lingine litabaki wazi.

---

Kijana wa Karakana

Shikamooni. Mataruma ya ubavuni na ya mbele yanatobolewa usawa mmoja au yanapishana?

---

Randa na Patasi

Marahaba. Yanapishana, kwa sentimita 3 hivi. Mguu wa mbele una unene wa milimita 40 tu. Ukitoboa matundu mawili kwenye usawa mmoja yanakutana ndani na kuacha mguu ukiwa ganda. Kwa kawaida ya ubavuni yanakaa chini, la mbele juu.

Na kama kiti ni cha mezani, taruma la mbele liache kabisa. Visigino vya watu vitalipiga kila siku. Funga mataruma mawili ya ubavuni, kisha moja la katikati linayaunganisha, umbo la herufi H. Nguvu ni ileile na miguu inapata nafasi.

---

Kerezo

Kwa wanaokereza miguu, yaani kuichonga mviringo kwa kuizungusha, kuna jambo moja linasahaulika. Pale panapoingia ulimi, mguu ubaki mraba. Kereza juu yake na chini yake tu. Bega lililonyooka halikai vizuri kwenye mti wa mviringo, na ukilichonga lifuate mviringo unapoteza nusu ya ushikaji wake.

Hata matendegu (miguu) ya kitanda cha asili hufuata utaratibu huo: yamekerezwa kwa nakshi juu na chini, lakini sehemu inapoingia mifumbati (mbao za ubavuni) na vitakizo (mbao za kichwani na miguuni) imeachwa nene na yenye nyama.

---

Nyundo Moja

Mnajisumbua, wakuu. Skrubu mbili za inchi mbili na gundi nyeupe, kiti kinasimama. Siku hizi nani anachimba matundu?

---

Binti Seremala

Kinasimama, ndugu yangu, lakini fuatilia kinachotokea baadaye. Skrubu inayoingia kwenye ncha ya ubao inashika nyuzi kwa urefu wake, na huko haina cha kung'ata. Inachimba kama kwenye majani makavu. Mtu akitikisika, chuma hakinyumbuki na mti unanyumbuka, basi shimo linapanuka. Ukikaza tena, inazunguka bure. Ukiweka nene zaidi, ncha inapasuka. Na palipo na unyevu, chuma kinapata kutu na mti uliokizunguka unakuwa mweusi na laini.

Ukitaka kitu cha kushikilia ulimi usitoke, tumia msumari wa mti. Toboa mguu kwanza, milimita 6 hadi 8, ukipita kwenye tundu. Ingiza ulimi mkavu bila gundi, tia alama ya tundu juu yake kwa ncha ya keekee (chombo cha kutobolea), utoe. Sasa toboa ulimi milimita 1 hadi 1.5 kuelekea begani kutoka kwenye alama ile. Ukipigilia msumari wa mti uliochongwa ncha, unapita kwa kujipinda na kulivuta bega likumbatie mguu. Msumari wenyewe uupasue kwa shoka au patasi, usiukate kwa msumeno, ili nyuzi zipite mwanzo hadi mwisho. Uwe mkavu kuliko mguu. Ukizidisha ile tofauti ikafika milimita 3, utavunja msumari au utapasua ncha ya ulimi.

---

Kijana wa Karakana

Na kiti ambacho tayari kimelegea? Wengi wanadunga gundi kwa bomba la sindano kwenye mwanya.

---

Randa na Patasi

Haisaidii sana. Gundi nyeupe haishiki juu ya gundi kuukuu, inashika mti mtupu. Kiti lazima kifunguliwe.

Andika namba kwenye kila kiungo kwa penseli kabla hujagusa kitu, pande zote mbili. Mbao za ubavu wa kushoto na kulia zinafanana sana lakini mlalo wake ni kinyume. Tafuta misumari ya chuma iliyofichwa na fundi aliyepita, maana ukigonga huku msumari umo ndani utaupasua mguu. Gonga kwa nyundo ya mti, na uweke kipande cha ubao laini katikati.

Kiungo kigumu kisichotoka kitie maji ya moto kidogo kama gundi ni ya zamani ya wanyama, au siki ya uvuguvugu kama ni gundi nyeupe, usubiri. Viungo vilivyo imara kabisa viache, usivunje kizima kwa ajili ya kibovu.

Kwangua gundi yote ya zamani bila kukwangua mti. Ulimi ukicheza kwenye tundu, ubandike unyoya mwembamba wa randa kila upande, nyuzi zikielekea urefu wa ulimi, kisha uuchonge hadi uingie kwa kusukuma kwa mkono. Ulimi unaoingia kwa nyundo ni mnene mno na utakwangua gundi yote ukiingia. Ulimi unaodondoka wenyewe ni mwembamba.

Huna jiliwa refu? Zungusha kamba miguu yote minne mara mbili, chomeka kijiti katikati, ukisokote mpaka kamba ilie. Pembeni mwa miguu weka matambara isiache alama. Kisha pima pembe kwa pembe kwenye fremu ya kikalio: kona ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, na ile nyingine. Zikitofautiana, fremu imekwenda upande. Sukuma pembe ndefu kabla gundi haijashika. Kiti kisimame juu ya kitu bapa kabisa muda wote huo, na kiache saa 24 kabla mtu hajakikalia, hata kama gundi inaonekana imekauka nje.

---

Mwambaji

Mmeongea habari za mbao mpaka mmesahau kikalio chenyewe. Viti vingi vya asili vinawambwa kwa kamba, na fremu ya kuwamba si sawa na ya kikalio cha ubao.

Kamba inavuta mbao zote nne kuelekea ndani, usiku na mchana. Ubao wa milimita 22 utapinda. Tumia milimita 30 kwa 35 au zaidi, na uviringishe kingo za juu na za chini kwa randa na msasa. Kingo kali hukata kamba, na ndiyo maana kikalio hupasukia pale kamba inapopinda juu ya ubao wa mbele, wala si katikati watu wanapodhani.

Mwambo wa pembe nne unakwenda hivi. Anzia kona ya mbele kushoto: kamba ipite juu ya ubao wa mbele, izunguke chini, ipande ndani ya fremu, ipite juu ya ubao wa ubavu wa kushoto ikijivuka yenyewe. Izunguke chini yake, ivuke moja kwa moja hadi ubavu wa kulia, ipite juu, izunguke chini, ipande, ipite juu ya ubao wa mbele. Kona mbili za mbele zimekwisha. Kutoka hapo inakwenda kwenye ubao wa nyuma, unarudia vilevile kwa kona za nyuma, kisha unarudi pale ulipoanzia. Huo ni mzunguko mmoja.

Kwa kuwa mbele ni pana kuliko nyuma, ukianza hivyo moja kwa moja ubao wa nyuma utajaa wakati wa mbele bado uko wazi. Jaza tofauti kwanza. Mbele 45, nyuma 38, tofauti ni 7, kila upande 3.5. Kwa kamba ya milimita 5 hizo ni nyuzi 7 kila kona ya mbele, kwa vipande vifupi vinavyofungwa kwenye mbao za ubavu na kuzunguka kona za mbele tu. Baada ya hapo kilichobaki ni mraba.

Kila baada ya mizunguko 5 hivi gonga nyuzi kwa kipande cha ubao zikae karibu, na uangalie mstari unaotoka kwenye kona: uwe umenyooka kuelekea katikati. Ukianza kupinda, fungua palepale. Huwezi kuurekebisha mbele ya safari.

---

Kijana wa Karakana

Kamba mita ngapi? Na ilowekwe au isilowekwe?

---

Mwambaji

Piga hesabu. Kikalio cha sentimita 40 kwa 40, kamba ya milimita 5: kila ubao unabeba nyuzi 80, na mzunguko mmoja unaweka mbili kwa kila ubao, kwa hiyo mizunguko 40. Katika mzunguko mmoja kuna mavuko manne ya sentimita 40, jumla 160. Kwenye kona kamba inakwenda na kurudi, ambapo kwa wastani inakula sentimita 80 kwa kona zote nne. Kuzunguka mbao mara nane ni kama sentimita 36. Jumla karibu mita 2.75. Mara 40 ni mita 110. Nunua 120.

Usifanye kazi na kamba yote kwa pamoja. Kata vipande vya mita 6 hadi 8 na uvifunge fundo bapa, fundo likae katikati ya tabaka la juu na la chini lisionekane.

Kulowesha: kamba ya katani au ya makumbi ipanguse tu kwa kitambaa chenye maji ili isichome mikono. Kamba ya kusokotwa ikilowa inanenepa na kufupika. Ukiiwamba ikiwa imelowa chapa, ikikauka inarefuka na kikalio kinabonyea. Na kinyume chake, kiti kilichowambwa kwa kukazwa kupita kiasi kikiachwa nje kwenye mvua, kamba inaweza kung'oa ndimi.

---

Mpenda Njumu

Wakuu, mkitaja kiti cha asili cha pwani msikiache kiti cha enzi. Katika karne ya 19 kilikuwa kiti cha heshima kwenye nyumba za wenye nafasi Lamu, Pate, Siyu, Mombasa na Unguja.

Sehemu zake ni hizo mlizotaja, ila zimekuzwa. Egemeo ni refu na limesimama karibu wima, ubao wa kichwa una taji. Mikono ni mipana na bapa. Badala ya fito za mgongo kuna fremu ndogondogo zilizowambwa kwa uzi mwembamba, kwenye egemeo na kwenye kikalio, na mara nyingi chini ya mikono pia. Mbele kuna ubao wa kuwekea miguu. Na juu ya mbao kuna njumu, vipande vya pembe za ndovu au mfupa vilivyopachikwa.

Kwa anayekarabati kiti cha mpingo: mti huo ni mzito kiasi cha kuzama majini na una mafuta ya asili, kwa hiyo gundi haiushiki vizuri. Pangusa ulimi kwa spiriti muda mfupi kabla ya kugundisha, na utegemee msumari wa mti zaidi ya gundi. Njumu inadondoka kwa sababu mti unapanuka na kusinyaa kwa upana na mfupa haufuati. Ukipachika mpya, kina cha kitako chake kiwe milimita 2 hadi 3, chini pawe bapa kabisa, na usiupigilie kwa nguvu hadi ukingo wa mti ubonyee. Tumia mfupa wa ng'ombe au ngamia, uliochemshwa na kutolewa mafuta yote. Mafuta yakibaki yatautia umanjano na kuiachisha gundi. Pembe za ndovu usizitafute: biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989 chini ya CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini.

---

Tezo

Kwa upande wa bara, kuna kigoda. Hakina ulimi wala tundu, kinachongwa kwenye gogo moja: kikalio cha mviringo juu kilichochimbwa kidogo katikati, sentimita 2 au 3, na miguu mitatu au zaidi chini.

Miguu mitatu ina sababu. Ncha tatu hukaa kwenye sakafu ya aina yoyote bila kutikisika, hata ya udongo yenye mabonde. Mguu wa nne ndio unaoleta ugomvi.

Adui wa kigoda ni mpasuko. Gogo linachongwa likiwa bado bichi kwa kuwa tezo inakula vizuri, lakini likikauka linasinyaa zaidi kwa kuzunguka kuliko kuelekea katikati, na kiini kikiwa ndani lazima ufa utokee kutoka kwenye kiini kwenda ukingoni. Kama gogo ni nene, lipasue na uchonge kigoda kwenye nusu isiyo na kiini. Kama ni jembamba, chimba chini ya kikalio uondoe kiini, na unene wa kikalio ulingane kote, usizidi sentimita 4. Kisha kikauke taratibu: kipake mafuta au nta pale juu ambapo nyuzi zimekatwa, kifunge kwenye gunia, kikae kivulini pasipo upepo kwa wiki kadhaa. Ukikiweka juani siku ya kwanza, kitapasuka jioni hiyohiyo.

---

Kijana wa Karakana

Swali la mwisho kwangu. Kiti kimemalizika, kila kipimo kiko sawa, lakini mguu mmoja unaelea. Nakata ule unaoelea?

---

Randa na Patasi

Hapana, huo ndio mfupi. Na kabla hujashika msumeno, geuza kiti robo mzunguko palepale kilipo. Mguu unaoelea ukibadilika, kosa ni la sakafu.

Ukibaki uleule, weka kiti juu ya meza bapa au ubao mnene ulionyooka. Ingiza vikabari vyembamba chini ya miguu mpaka kitulie, na kikalio kiwe na ule mlalo wa kurudi nyuma unaoutaka. Chukua kipande kidogo cha ubao kinene kuliko ule mwanya mkubwa kabisa, weka penseli juu yake ikiwa imelala, kizungushe kwenye kila mguu bila kukiinua mezani. Utapata mistari minne iliyo kwenye usawa mmoja na meza. Kata juu ya mistari hiyo, miguu yote minne, kisha vunja kingo za chini kwa tupa, milimita 2, miguu isibanduke vipande kiti kikivutwa sakafuni.